Mwalimu Lali alisuka ukili, akakataa kusema: niliyoyaona walimu wakuu wazoefu wakifundishwa kuwalea wapya, Lamu

Nimemwona mzee aliyeongoza shule za sekondari karibu maisha yake yote ya kazi akikaa dawati la nyuma, anasuka ukili, huku mwanafunzi wake wa zamani akishambuliwa na wazazi mbele yake.

Dawa ya ugomvi ule alikuwa nayo mdomoni. Hakuitoa.

Na kunyamaza kule alikuwa amekwenda kusomea.

Wakuu, nawasalimu nyote. Nimeanzia katikati kwa makusudi, maana ningeanza na neno "mafunzo" nusu yenu mngefunga ukurasa. Sasa narudi nyuma, niende kwa utaratibu. Niliyoyaona nitasema nimeyaona. Niliyosimuliwa nitasema nimesimuliwa. Majina ya watu nimebadilisha na shule siitaji. Wenyeji mtakaoitambua, nawaomba msiitaje hapa.

Kwa wasiojua ukili: ni utepe mrefu unaosukwa kwa miyaa, yale majani makavu ya mkoma. Tepe zikiungwa ubavu kwa ubavu unapata mkeka. Kijiji cha Kipungani wanawake wanausuka huku wakizungumza, hata mikono hawaiangalii.

Haya.

Mimi si mwalimu. Nilipata kazi ya muda ya kuandika kumbukumbu za mafunzo fulani, Amu, yaani Lamu mjini, kisha kufuatana na washiriki kwenye mashule. Kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni, kusikiliza na kuandika. Hiyo kazi naipenda, na ndiyo maana naweza kuwasimulia.

Shida yenyewe mnaijua. Mwalimu anakuwa naibu kwa miaka, siku moja anapewa shule yake. Anavuka maji na begi lake, anakabidhiwa funguo, basi. Hakuna mtu wa kumuuliza. Bodi inamwangalia, walimu wanamwangalia, wazazi wanamwangalia, wote wakisubiri aanguke ili waseme tulijua.

Wazo lilikuwa hili: wachukuliwe walimu wakuu wazoefu, waliostaafu na walio karibu kustaafu, wafundishwe kuwa makocha wa hawa wapya. Sio wakaguzi. Sio mabosi. Makocha.

(Siku ya kwanza kule Mokowe, tunapopandia boti ya kuvuka, nahodha alisikia neno kocha likirudiwarudiwa, akatuuliza timu yetu inacheza na nani. Mzee mmoja akamjibu, "Tunacheza na wazazi." Boti nzima ikacheka.)

Sasa, mnaweza kudhani kumfundisha mtu aliyeendesha shule maisha yake yote ni kazi rahisi. Wakuu, ilikuwa kama kumfundisha mpishi wa pilau kukaa jikoni kwa mwenzake asionje.

Mkufunzi alikuwa mama mmoja wa Mombasa, Bi Rehema, mpole wa sauti lakini haachi jambo. Zoezi la kwanza lilikuwa dogo. Wanakaa wawili wawili. Mmoja anaeleza tatizo la shule. Mwingine haruhusiwi kutoa ushauri. Anaruhusiwa kuuliza tu.

Wote walifeli, na ninaposema wote namaanisha wote.

Kulikuwa na Bwana Kariuki, mwalimu mkuu kutoka upande wa Mpeketoni, mtu mkubwa mwenye kicheko. Mwenzake alimweleza habari ya mwalimu anayechelewa kila siku. Bwana Kariuki akafikiri, akashika kidevu, akauliza, "Je, huoni kwamba ungemwandikia barua ya onyo kesho asubuhi?"

Bi Rehema akamwambia, "Bwana Kariuki, hiyo ni amri. Umeivalisha buibui tu."

Ukumbi ukalipuka. Lakini aliyefuata alifanya vilevile, na wa baada yake pia.

Aliyenivutia zaidi alikuwa Mwalimu Lali. Mwembamba, kofia ya vito safi, ile ya kudariziwa kwa mkono, shati la mikono mirefu lililopigwa pasi. Nusu ya wafanyakazi wa serikali pale Amu wamepita mikononi mwake. Akitembea barabara ya ndani hafiki mbali, kila mlango kuna mtu wa kumwamkia, na kila anayemwamkia ana lake la kuuliza.

Yeye ndiye aliyesimama akasema walilokuwa nalo wenzake moyoni.

"Bi Rehema, mimi nina shida na jambo hili. Kwetu hapa mtu akija kwangu na tatizo, nikamjibu kwa swali, nimemdharau. Ataondoka aseme, nimekwenda kwa Mwalimu Lali amenisimanga. Shauri halinyimwi mtu, kama maji."

Wenzake wakaitikia, "Ni kweli."

Bi Rehema hakubishana. Akamuuliza, "Mwalimu, ulipokuwa mwalimu mkuu, ulipokosekana shuleni, ilikuwaje?"

Mwalimu Lali akaanza kucheka mwenyewe. Akasema alipolazwa hospitali Mombasa, bado yuko kitandani hata sindano haijatoka mkononi, simu ikalia. Ni naibu wake. Kuna maziko kijijini, anauliza kama wafunge shule mapema.

"Mtu mzima," akasema, "ana digrii. Ananiuliza mimi niliyelala."

"Ukamwambiaje?" Bi Rehema akauliza.

"Nikamwambia afunge."

Akakaa. Hakusema tena habari ya kunyima watu shauri.

Lakini kuelewa ni jambo moja na ulimi ni jambo lingine. Siku zilizofuata Mwalimu Lali aliendelea kufeli. Anaanza vizuri, anauliza swali moja, la pili, halafu mnamwona anaegemea mbele, kidole kinanyanyuka, na shauri limeshatoka. Anajishika mdomo kama mtoto aliyetaja siri.

Asubuhi moja akaja ukumbini na kifurushi cha miyaa kwapani.

Wenzake hawakumwacha. "Mwalimu, umeingia biashara ya mikeka?" "Kesho utatuletea na kikapu?"

Akakaa, akazichambua, akaanza kusuka. Akasema, "Nimegundua mimi sijui kukaa bure. Nikikaa bure nasema. Mamangu alikuwa Mkipungani. Jirani zake walikuwa wakija na mashaka yao yote, alasiri nzima, naye anasuka tu na kuuliza, enhe, kisha? Wakiondoka wanasema Bi Mkubwa ana akili. Sikumsikia hata siku moja akimwambia mtu afanye nini."

Siku hiyo alipita zoezi. Wa kwanza katika ukumbi ule.

Bi Rehema alimwangalia kwa muda, kisha akasema tu, "Endelea, Mwalimu." Nilimwona akitoka nje kidogo. Nadhani alikwenda kucheka, lakini sina ushahidi.

Nirudi kwenye mstari.

Mafunzo ya ukumbini yalipokwisha, kila kocha alipewa mwalimu mkuu mpya wa kumlea. Mwalimu Lali akapewa Bi Zena.

Huyu Bi Zena ni mzaliwa wa Pate, na Mwalimu Lali mwenyewe alimsomesha sekondari. Kisha akaenda bara, akawa naibu kwenye shule kubwa ya bweni. Sasa alikuwa amepewa shule ndogo ya kutwa kwenye kisiwa chetu kimojawapo. Na shule ile, wakuu, Mwalimu Lali aliwahi kuiongoza zamani, kabla hajahamishiwa Amu. Mnaona mtego ulipo.

Nilikuwepo ziara ya kwanza. Mlinzi alimwona Mwalimu Lali tangu getini, akakimbia, akafungua ofisi, akakivuta kiti cha mwalimu mkuu na kukipangusa. Bi Zena alikuwa bado yuko darasani.

Mwalimu Lali alisimama mlangoni akikitazama kile kiti. Akamwambia mlinzi, "Kiti hiki kina mwenyewe." Akakaa kwenye benchi ya wageni, ile ya mbao karibu na kabati, akatoa miyaa yake.

Bi Zena alipoingia akamkuta pale. Akashtuka. "Mwalimu, mbona umekaa huko? Njoo huku kwenye nafasi."

"Hapa pananitosha, Mwalimu Mkuu."

Hakumwita Zena. Niliona jinsi neno lile lilivyomgusa. Alirekebisha mtandio wake, akaenda kukaa kwenye kiti chake, na alikaa vingine kabisa na alivyokuwa amesimama.

Sasa nije kwenye ugomvi.

Bi Zena aliikuta form three dhaifu, hasa hesabu na sayansi, na mwaka unaofuata ni mtihani. Akafanya walivyokuwa wakifanya kule bwenini alikotoka: akaweka masomo ya ziada baada ya saa kumi, kila siku, lazima kwa wote. Aliwatangazia asubuhi paredini, yakaanza siku ileile.

Kwa mtu wa bara hakuna tatizo hapo. Kwa mtu wa visiwani, mnaelewa tayari.

Baada ya alasiri ni saa ya chuo, yaani madrasa. Na pale kijijini wasichana wakubwa waliohitimu Kurani ndio wanaowashika watoto wadogo, kila mmoja na kundi lake. Bi Zena alipowachukua wasichana, mwalimu wa chuo, Bi Somoe, akabaki peke yake na watoto wote wa kijiji.

Huyu Bi Zena ni mtoto wa huku, ameshika watoto chuoni yeye mwenyewe alipokuwa msichana. Nilimuuliza baadaye ilikuwaje akasahau. Akaniambia, "Sikusahau. Nilidhani nikiwa mwalimu mkuu sharti nifanye kama kule nilikoona walimu wakuu." Jibu hilo nimelifikiria sana.

Wazazi hawakuja kuuliza. Waliwazuia wasichana nyumbani. Sio alasiri tu, siku nzima. Form three ikabaki ya wavulana na madawati matupu. Na maneno yakaanza kupita kwamba mwalimu mkuu huyu aondolewe, aletwe mwingine. Shule yake ya kwanza, hata hajamaliza muhula.

Akaitisha mkutano wa wazazi, na Mwalimu Lali akaja na boti ya asubuhi. Nami nikaja.

(Kuna mkuu ameuliza hapo chini kwa nini asiletwe mkaguzi amalize jambo. Mkuu, mkaguzi anakuja, anaangalia makaratasi, anaandika, anaondoka. Kocha haandiki kitu kuhusu mtu wake na hampi mtu ripoti. Ndiyo maana mwalimu mkuu mpya anaweza kumwambia ukweli. Hilo ndilo nililolielewa mimi.)

Mkutano ulikuwa darasani. Kina baba mbele, kina mama upande wa madirisha. Mwalimu Lali akaingia, watu wakasimama kumwamkia, wakampisha mbele. Akashukuru, akaenda nyuma kabisa, dawati la mwisho, akaanza kusuka.

Bi Zena alieleza kuhusu hesabu na sayansi. Alieleza vizuri, lakini aliongea kama anayesoma. Kisha wazazi wakaanza.

Aliyeongea kwa ukali zaidi alikuwa Bwana Bakari, mwenye duka. Binti yake Mwanaesha ndiye wa kwanza darasani form three. Na Bakari huyu, wakuu, ni mtoto wa nduguye Mwalimu Lali, baba mmoja mama mmoja.

"Sisi hatukatai elimu," akasema. "Lakini mtu hawezi kutoka na begi lake huko atokako akatuondolea chuo. Mwalimu mkuu, wewe ni Muislamu au ni Muislamu wa bara?"

Kina mama wengine waliinamisha vichwa. Ilikuwa kali.

Bi Zena akasema, "Nimewasikia. Sina jibu leo. Nawaomba siku chache."

Sauti kutoka katikati ikadakia, "Mwalimu mkuu hana jibu. Sasa tumuulize nani?"

Darasa zima likageuka nyuma.

Nilikuwa nimekaa dawati la pembeni yake, nilimwona vizuri. Mikono ilikuwa inasuka haraka kuliko kawaida.

Bakari akasema, "Ami, uko papa hapa. Hii ilikuwa shule yako. Nena."

Mwalimu Lali akamjibu kwa Kiamu chao, "Mimi yeo ni mgeni wa Mwalimu Mkuu. Nimekuya kusikiza."

"Ami, tunakuomba."

"Nasikiza, Bakari."

Bakari akatazama ule ukili. Akasema, "Haya. Ami amekuwa mwanamke wa Kipungani."

Wengine walicheka, wengine walishika midomo. Kumwambia ami yako hivyo mbele za watu si jambo dogo.

Mwalimu Lali hakuinua macho. "Mamangu alikuwa wa Kipungani," akasema. "Mikeka yake mpaka leo haijachanika."

Wakacheka tena, safari hii upande wake. Lakini hakuongeza neno. Bakari akakaa, na uso wake niliuona. Nilijua kuna kitu kimevunjika pale, ila sikujua ukubwa wake.

Mkutano ukaisha bila kitu.

Ofisini Bi Zena alifunga mlango. Nilitaka kutoka, akaniambia kaa tu.

"Mwalimu, umeniacha nikapigwa."

"Nimekuacha."

"Ulikuwa na la kusema?"

"Nilikuwa nalo."

"Basi niambie sasa. Wameshaondoka."

Wakuu, hapa ndipo nilipomvulia kofia yule mzee. Niliona kidole kinataka kunyanyuka. Nimekizoea kidole kile. Akakirudisha kwenye miyaa. Akasuka kidogo. Kisha akauliza:

"Hawa wasichana wako, siku yao huanza saa ngapi?"

"Kengele ya kwanza saa moja na..."

"Sikuulizi kengele. Nauliza siku yao."

Bi Zena akageukia dirishani. Tulikaa hivyo, mimi nikisikia miyaa inavyokwaruza.

"Alfajiri," akasema mwishowe, polepole. "Kijiji kizima kimeamka alfajiri. Wanaswali, wanafagia, wanakaa tu wakingoja kengele."

Mwalimu Lali akasema, "Enhe. Kisha?"

Baadaye nilimuuliza kama swali lile alikuwa analijua jibu lake. Akaniapia kwamba hakulijua. Zama zake walimu walikuwa wakilala Amu na kuja na boti, alfajiri haikuwahi kuwepo kwenye hesabu zake. Sasa kuna nyumba za walimu palepale kijijini. "Niliuliza," akaniambia, "kwa sababu nilikuwa sina kingine cha kufanya na mdomo wangu."

Alasiri ileile Bi Zena alikwenda chuoni, peke yake. Hili nilisimuliwa na Bi Somoe mwenyewe.

"Alivua viatu, akakaa chini na watoto wa alifu," akaniambia. "Nikajua anataka neno, nami nikamfanyia makusudi, nikasomesha polepole. Hakuondoka. Nilipomaliza akaniomba radhi, kisha akaniuliza nataka nini. Hakuna mtu wa skuli aliyewahi kuniuliza nataka nini. Nikamwambia, alasiri ni yangu. Alfajiri chukueni."

Kina mama wakaweka masharti yao: mwalimu awe ameshafika kabla ya wasichana, na kuwe kumepambazuka. Wakakubaliana, masomo ya ziada yakahamia alfajiri.

Walimu ndio waliolalamika. Mwalimu wa hesabu, kijana wa Nyeri, alisema staffroom, "Madam, huku hata jogoo wanaamka baada yetu." Lakini alikuja. Asubuhi niliyokuwepo nilimkuta ubaoni, macho mekundu, na nyuma ya darasa kuna thermos za chai na mahamri ambayo kina mama walikuwa wameacha. Jogoo hakuwataja tena.

Wasichana walirudi. Maneno ya kuondolewa mwalimu mkuu yakafa yenyewe.

Tukingoja boti siku hiyo Mwalimu Lali aliniambia lile shauri alilokuwa amelizuia. Ndugu zangu, ni shauri zuri kabisa, na ndilo linalonifanya niandike uzi huu.

"Mimi ningekwenda msikitini magharibi. Nikatoka na imamu na wazee, tukakaa kwenye baraza, tukazungumza, isha haijaadhiniwa jambo limekwisha. Ndivyo nilivyomaliza mambo yangu yote. Sasa nikuulize wewe, Zena atakaa baraza ile?"

Nikasema hawezi, ni ya wanaume.

"Basi. Dawa yangu ingebaki yangu. Kila likizuka jambo angenipigia simu, mimi nipande boti. Nami ningepanda, na ningefurahi." Akatikisa kichwa. "Hilo ndilo baya. Ningefurahi."

Ningeweza kuishia hapa na mngeondoka mmeridhika. Lakini nilisema nitaeleza niliyoyaona yote.

Wasichana wote walirudi isipokuwa Mwanaesha.

Nilikwenda dukani kwa Bwana Bakari kununua maji, nikamuuliza waziwazi. Hakunificha.

"Mimi alfajiri sina shida nayo. Jambo la chuo limekwisha, alhamdulillahi. Shida yangu ni ami. Nilimwomba mbele ya watu akanifanya kama hanijui. Aje hapa aniambie, Bakari, mrudishe mtoto. Siku hiyohiyo anarudi."

"Na asipokuja?"

"Basi yeye na aendelee kusuka."

Kwa hiyo mambo yamesimama hivi. Mwalimu Lali akitembea kutoka getini mwa shule mpaka dukani, sentensi moja, mtoto anarudi darasani kesho.

Alilipeleka jambo hili kwenye kikao cha mwisho cha makocha, Amu. Na wenzake, kwa kanuni ileile, walikuwa hawaruhusiwi kumpa ushauri. Sasa ilikuwa zamu yake kuulizwa.

Mmoja akamuuliza, "Ukienda, utakwenda kama nani?"

"Kama ami yake."

"Na kijiji kitamwona nani?"

Akavuta mwaa mwingine kwenye kifurushi.

Kisha Bwana Kariuki, yule wa barua ya onyo, akauliza kwa sauti ya chini, "Mtoto mwenyewe anasemaje?"

Hakuna aliyejua. Mwalimu Lali aliacha kusuka. Bi Rehema naye aliacha kuandika ubaoni. Nadhani lilikuwa swali bora la mafunzo yale yote, na lilitoka kwa mtu ambaye wiki ya kwanza hakuweza kuuliza hata moja.

Mwalimu Lali alilifikisha swali kwa Bi Zena, naye akamfuata Mwanaesha chuoni, ambako bado anashika watoto kila alasiri na wenzake wanamletea mazoezi ya hesabu. Msichana alimwambia hivi, na maneno haya nimepewa na Bi Zena: "Nataka kurudi, Mwalimu. Lakini sitaki babangu aonekane ameshindwa."

Bi Zena amekwenda nyumbani kwao mara mbili. Mke wa Bakari alimkaribisha vizuri, akampa kahawa na halua. Bakari hakutoka dukani.

Mwalimu Lali akamuuliza, "Mwalimu Mkuu, ungependa niende?"

Akajibu, "Bado, Mwalimu. Ukienda wewe, wote watarudi kwako. Nipe mpaka mwisho wa muhula."

Naye akakubali. Nilimuuliza kama analala vizuri. Akaniambia swali hilo si la ukocha.

Nilichojifunza, wakuu, kwa kifupi. Nimewaona watu wengi wenye ujuzi wakisifiwa kwa yale waliyosema. Huyu namsifu kwa alilolimeza, na nimeona lilivyomkwama kooni. Nilidhani uzoefu ni kuwa na majibu mengi. Sasa nadhani sehemu yake ngumu zaidi ni kumtazama mtu unayempenda akitafuta jibu lake, ukamwacha achelewe. Lakini pia nimeona kwamba kuna anayelipia huo muda wa kuchelewa, na kwa sasa ni msichana wa form three ambaye hakumkosea mtu.

Kwa hiyo sitaki mnipongeze kwa uzi. Walimu mlioko humu, wazazi, na nyinyi mnaotoka visiwani: mngekuwa Mwalimu Lali, mngetembea mpaka dukani? Na mngekuwa Bi Zena, mngemzuia? Mwenye kumlaumu mmoja wao aseme na sababu. Nitasoma zote.

Leo asubuhi nimempigia simu Bi Zena kuhakikisha kabla sijaandika. Aliniambia form three walikuwepo alfajiri wote ila mmoja. Mwalimu Lali amefika na boti ya kwanza na yuko ofisini, benchi ya wageni. Ukili sasa umefika mlangoni. Dukani hajaenda.